Mguu Usiguse Udongo

Kama umevunjika mbavu na sasa hivi umelala chali, na watu wamekuzunguka wanakwambia tulia, usijitikise, basi haya yasome ukiwa umekaa. Kaa kwanza. Najua inauma. Iliniuma mimi kabla yako, na siandiki ili nipewe pole. Pole nilipewa nyingi nikiwa kitandani naharibika, na hakuna hata moja iliyoninyanyua.

Naitwa Tabitha, mke wa Mathayo, wa upande wa Mtinko. Haya yalinipata wakati wa Mwingereza, binti yangu wa kwanza, Naomi, akiwa bado anatambaa. Sasa Naomi ana watoto wake, na wengi wa wale niliowakasirikia wamekwisha kufa, kwa hiyo nasema bila kumwogopa mtu. Hata wakati ule sikuwa mwoga sana wa maneno. Nilikuwa mwoga wa jambo moja tu, na nitalisema likifika mahali pake.

Ilikuwa mavuno. Nyumba zetu zilikuwa tembe, paa la udongo lililo bapa, na mtama tuliuanika huko juu ili mbuzi wasiufikie. Mimi nilikuwa nimepanda kuugeuza. Ukingo wa paa ulikuwa umeliwa na mchwa, na nilishamwambia Mathayo mara tatu autengeneze, naye akasema, "Nitautengeneza." Ukamong'onyoka nikiwa nimeusimamia. Nikaanguka, na chini palikuwa na kinu. Kile kinu kikanipokea ubavuni, upande wa kulia. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni kavu, kisha nikakosa pumzi hata ya kulia.

Mama mkwe wangu, Mama Mathayo, ndiye aliyekuwa fundi wa kuunga mifupa pale kwetu. Watu walitoka mbali kumletea wachunga ng'ombe walioanguka na wazee walioteleza, naye aliwaunga kweli, sitamnyima haki yake. Mkono ukivunjika, nenda kwake. Lakini yule mama tangu siku niliyoingia boma lake hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mimi nilikuwa "binti wa watu." Binti wa watu, leta maji. Binti wa watu, mbona ugali una madonge? Siku hiyo alinipapasa ubavu, akahesabu kwa vidole, akasema, "Tatu. Binti wa watu amevunja tatu."

Dawa yake ya mbavu ilikuwa ngozi. Alichukua ngozi mbichi ya ndama, akailoweka, akanizungushia kuanzia chini ya maziwa hadi kiunoni, akaishona mgongoni kwa ukanda. Ngozi ikikauka inabana, na mbavu zinakaa mahali pake. Na ngozi hiyo ilikuwa na sharti lake. Mgonjwa alale chali, na mguu wake usiguse udongo mpaka ngozi ilegee na kuanguka yenyewe. Akikanyaga chini kabla ya hapo, kile kilichovunjika kinashuka mguuni. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake.

"Siku ngapi, Mama?" nikamuuliza.

"Ngozi haihesabu siku," akanijibu.

Basi nikalala. Mwili mwingine wowote ungeweza kuzoea, lakini wangu ulikuwa wa kulima na kutwanga tangu utoto, na sasa ukawekwa juu ya kitanda cha kamba kama gunia la karanga. Ngozi ilipoanza kukauka nikawa napumua kwa juu juu tu, puu, puu, kama kifaranga. Inzi walikuja kwa harufu. Haja nilifanyia kwenye chungu kilichovunjika mdomo, na aliyekibeba alikuwa wifi yangu Damari, ambaye alikuwa akikitoa nje ameziba pua na kusema kwa sauti, majirani wasikie, "Lo! Wengine wanavuna, wengine wanavuniwa!" Nikipona tu, nilijiambia, huyu Damari nitamkamulia pilipili machoni.

Naomi aliletwa kunyonya akiwekwa kifuani pangu kama mzigo. Sikuweza kumshika vizuri. Ngozi ilibana na maziwa yakaanza kupungua, siku hata siku, mpaka mtoto akawa ananyonya, anaacha, ananitazama, analia. Mama mkwe akaanza kumpa uji. Mathayo alikuwa akisimama mlangoni akinitazama, na nikimwambia mwambie mama yako alegeze ngozi kidogo, alikuwa na jibu lake moja ambalo sijalisahau hadi leo: "Mama amesema." Mwanamume mzima, mwenye ndevu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kwenye kosa letu sote, na langu limo.

Siku moja watu wote walikuwa shambani. Damari aliachwa anitazame, naye akaenda kuchota maji akapata wa kuongea nao. Naomi akaingia anatambaa. Kulikuwa na chungu juu ya mafiga, kinachemka, na yule mtoto akakifuata moja kwa moja kwa furaha kama anaitwa. Nilimwita. Nilipiga ulimi, nikapiga makofi. Wapi! Nikaruka. Sijui niliruka vipi na ile ngozi. Nilikanyaga udongo hatua tatu za kwenda na tatu za kurudi, nikamkamata Naomi mguu, nikarudi naye kitandani mbavu zikiwaka moto. Damari akaingia wakati huo huo akiwa na mtungi kichwani, akaona vumbi kwenye nyayo zangu.

"Umekanyaga!"

"Mtoto alikuwa anaenda motoni, Damari. Wewe ulikuwa wapi?"

Kilichofika kwa mama mkwe jioni ile ilikuwa habari moja tu, kwamba binti wa watu amekanyaga.

Na siku chache baadaye mguu wa kushoto ukaanza. Kwanza ulikuwa kama umechoka, pale nyuma kwenye misuli ya chini ya goti. Kisha ukavimba ukawa mgumu, ukang'aa, ukawa wa moto ukiugusa. Ukilinganisha na wa kulia, ungesema ni miguu ya watu wawili. Mama mkwe alipoufunua hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa na kusema mbele ya wote, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Damari akacheka kwa puani.

Na mimi niliamini. Hilo ndilo jambo nililoliogopa, kwamba kweli kosa ni langu, na ndilo linalonikasirisha kuliko ngozi na kuliko inzi. Mimi niliyesoma shule ya misheni, mwenye mdomo huu, nililala pale nikaamini kwamba zile hatua sita ndizo zilizonivimbisha mguu. Nikaona aibu. Nikakubali kulala zaidi. Hata vidole vya mguu niliogopa kuvichezesha. Mtu akiniambia leo, Bibi Tabitha, ulikuwa na akili gani, namwambia ukae kitandani mwezi mzima watu wote wakikwambia kosa ni lako, halafu uje tuongee akili.

Mama mkwe aliamua mguu uchuliwe. Alileta mafuta ya mkia wa kondoo, akayapasha moto, akauchua kutoka kisigino kupanda gotini, kwa nguvu, kama mtu anayekamua. Nilipiga kelele. "Nyamaza," akasema, "nakirudisha ulichokishusha." Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu, mikono yake ikiwa bado mguuni kwangu, kitu kikanichoma kifuani, ghafla, kama kisu kimepita katikati ya mbavu. Nikakosa hewa kabisa. Nilimwona anafungua mdomo kusema, sikusikia neno. Moyo ulikuwa unakimbia mbio za swala. Nilipokohoa, mate yalikuwa na damu.

"Ubavu umesogea," mama mkwe akasema. "Umechoma pafu. Leteni maji."

Akailowesha ngozi tena akaikaza upya.

Nilijaribu kusema. Mbavu zangu zilivunjika kulia, wote tunajua, alizihesabu mwenyewe. Maumivu haya mapya yako kushoto. Kushoto! Nilimwonyesha kwa kidole maana pumzi ya kusema sikuwa nayo. Akaushusha mkono wangu, akaniambia mgonjwa haulizwi uji.

Kesho yake akaja kaka yangu Zefania. Alikuwa amesikia tu kwamba nilianguka, akaja kwa baiskeli kunijulia hali, ameniletea asali. Alipiga hodi, akawasalimia wakubwa wote, shikamoo moja moja, akakalishwa, akapewa maziwa. Yote hayo mimi nayasikia nikiwa nyuma ya ukuta nahema. Alipoingia kuniona, uso wake ulibadilika. Akarudi uani.

"Shemeji," akamwambia Mathayo, "huyu apelekwe hospitali Singida. Leo."

Mathayo akamtazama mama yake. "Mama amesema akisogezwa atakufa."

"Asiposogezwa je?"

Zefania akamgeukia mama mkwe, akasema kwa adabu yote, "Mama, tunakuomba. Ikatwe hiyo ngozi apumue."

"Ngozi yangu haikatwi," mama akasema. "Inaanguka. Na atakayeikata, siku nyingine akivunjika asiniletee mwili wake."

Hebu elewa walivyobanana. Zefania alikuwa mgeni pale. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa kwenye boma la baba yetu, kwa hiyo kumkata dada yake ngozi ndani ya nyumba ya watu ingekuwa kama kumnyang'anya mke Mathayo. Mathayo hawezi kukata, kwa sababu ni ya mama. Mama hawezi kukata, kwa sababu jina lake lote lilikuwa ndani ya ngozi ile. Wakasimama uani watu wazima watatu wanajadiliana kwa heshima, na mimi nakufa kwa heshima.

Kwenye nguzo karibu na kichwa changu kulikuwa na kisu cha kuvunia mtama. Nilinyoosha mkono. Nakumbuka nilifikiri, kama nitakufa, nife nikiwa nimekasirika. Nikapitisha kile kisu chini ya ngozi upande wa mbele, makali yakielekea nje, nikakata. Ngozi iliyolowa inakatika taratibu, inapiga kelele ndogo. Nilikata nikapumzika, nikakata nikapumzika, na ilipoachia sehemu ya mwisho nikavuta pumzi, ikaniuma pande zote mbili, nikalia kwa sauti mpaka wote wakaja kukimbia.

Mama mkwe aliitazama ile ngozi sakafuni. Hakunitukana. Aliiokota, akatoka nayo nje. Heri angenitukana.

Zefania alikimbiza baiskeli hadi sokoni Mtinko, ambako kulikuwa na lori la Mhindi mmoja mnunuzi wa ngozi likipakia. Nilibebwa hadi hapo pamoja na kitanda changu. Dereva aliponiona akasema, "Huyo asinifie kwenye gari," na Zefania akamjibu kwamba hilo si lake wala langu, ni la Mungu. Nikapandishwa. Nikaenda Singida nimekaa juu ya matita ya ngozi kavu za ng'ombe, gari likiruka kwenye kila shimo. Kwa ngozi nimetoka, kwa ngozi nakwenda. Ningekuwa na pumzi ningecheka.

Hospitali ilikuwa ya misheni. Nje kulikuwa na benchi refu na watu wengi kuliko benchi, na kila mmoja anaamini ugonjwa wake ndio mkubwa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Mwanamke mmoja mwenye jipu shingoni, ambaye jina lake sikulijua kamwe, aliona siwezi kuegemea ukuta, akasema, "Niegemee mimi," na kila foleni iliposogea tulisogea pamoja, yeye na jipu lake na mimi. Zamu yake ilipofika alinisukuma nitangulie. Katika safari yangu yote, hiyo ndiyo pole pekee iliyokuwa na kazi ndani yake.

Tabibu alikuwa mzee mmoja mweusi, mkali, miwani imefungwa uzi, wote walimwita Bwana Samweli. Hakuinua macho.

"Nini?"

"Mbavu, Bwana. Nilianguka wakati wa mavuno."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Na maumivu?"

"Kushoto."

Kalamu ikasimama. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akaniuliza nimelala muda gani, nikamwambia. Akaniuliza nimekohoa nini, nikamwambia. Kisha akasema, "Nionyeshe miguu."

Nilikuwa nimeufunika mguu kwa kanga, nimeukunja chini ya kiti. Nikasema, "Miguu haina neno, Bwana." Ndiyo, nilisema hivyo! Nimevuka vumbi lote lile kutafuta uzima, halafu nikamdanganya mtu aliyekuwa nao mkononi, kwa sababu mguu ule ulikuwa ushahidi kwamba nilivunja sharti. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimekishika kifo mkono nakificha chini ya kanga.

Bwana Samweli hakubembeleza. Aliinama akaivuta kanga mwenyewe. Alipouona mguu akaita kwa sauti, na sista mmoja wa Kizungu akaja mbio.

"Nani kauchua huu?" tabibu akaniuliza.

"Mama mkwe wangu."

"Kwa nini ulivimba?"

"Nilikanyaga chini," nikasema, na machozi yakanitoka. "Nilikanyaga mara sita."

Alinitazama, miwani imemshukia puani. "Wewe mama," akasema, "ungekanyaga mara mia sita, usingekuwa hapa. Damu imelala kwa sababu wewe umelala. Imeganda mguuni. Umechuliwa, kipande kimekatika, kimepanda kifuani. Umesikia? Hukuvimba kwa kukanyaga. Ulivimba kwa kutokukanyaga."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikasirika. Nilifikiria lile cheko la puani la Damari. Nilikuwa nimesikia la mkuu, nikalitii, na guu ndilo hilo!

Niliwekwa mguu juu ya mto na nikachomwa sindano, asubuhi, mchana na jioni, hata mapaja yakawa na madoa ya zambarau. Ilikuwa dawa ya kuizuia damu isigande, na walinikataza kujikuna, maana hata ufizi ulitoka damu nikipiga mswaki. Dawa hiyo haikuwa nyingi. Niliwasikia wakinong'onezana kwamba labda itaisha kabla yangu. Siku nilizihesabu kwa sindano, siyo kwa jua. Maziwa yalikauka kabisa. Kifua kiliniwasha mahali Naomi alipokuwa analala, na hakuna sindano ya hilo.

Mathayo alikuja. Alitoka nyumbani kwa miguu hadi Singida, akiwa amembeba Naomi mgongoni kwa kanga yangu, kama mwanamke. Wanaume walimzomea njia nzima, na pale hospitali wagonjwa waliinuka kwenye vitanda kumtazama. Alisimama mbele yangu na vumbi hadi nyusi.

"Mama amesema nini?" nikamuuliza. Nilitaka imchome.

"Sikumuuliza," akasema.

Siku ile nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikaiahirisha chuki mpaka kesho yake.

Ikafika asubuhi sista akaja na Bwana Samweli, wakasema simama. Mguu ulikuwa umepungua, wameufunga bendeji kuanzia vidoleni. Niliteremsha miguu ikaning'inia kitandani, na hapo mwili wangu wote ukagoma. Nilijua alichoniambia. Nilikielewa. Lakini nyayo zangu hazikuelewa.

"Siwezi, Bwana. Mguu usiguse udongo."

Bwana Samweli akapiga sakafu kwa kiatu chake. "Udongo uko wapi hapa? Hii ni saruji."

Nilicheka. Mbavu zilinitesa kwa kile kicheko, nikajishika kulia na kushoto, nikiwa nacheka na kulia, na nilipojikuta tayari nilikuwa nimesimama. Hatua tatu za kwenda, tatu za kurudi. Kesho yake kumi. Nilitembea nikiwatukana wote kimoyomoyo, sista, tabibu, Mathayo, kinu, na hasira ile ilinisaidia kuliko fimbo.

Nilirudi nyumbani mawingu ya kwanza yakianza kukusanyika. Naomi alikuwa amejifunza kusimama, tukawa tunajifunza kutembea pamoja, na mara nyingi alinishinda. Mguu wa kushoto haukurudi kuwa wangu wa zamani. Hadi leo jioni unavimba, na ngozi karibu na kifundo imekuwa nyeusi kama imeungua.

Mama mkwe hakunisemesha masika yote. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Mama," naye aliitikia marahaba akitazama ng'ombe. Na ile ngozi niliyoikata, aliitundika kwenye nguzo ya mlango wa nyumba yake, kila anayeingia aione. Watu walipouliza, alisema, "Muulizeni binti wa watu." Wagonjwa wa mifupa walipungua kuja. Nilijua ananihesabia hilo, na sikujali. Nilikuwa na mguu wangu wa kumhesabia.

Palilimwa mara moja, palilimwa mara ya pili. Mavuno ya pili, fahali mmoja aliyeshtushwa na mbwa alimbana mama mkwe kwenye nguzo za zizi. Tulimbeba ndani. Alijipapasa mwenyewe, midomo imemkauka, akahesabu. "Nne," akasema. Kisha akamwambia Damari, "Leteni ngozi. Nilazeni. Mguu wangu usiguse udongo."

Nyumba nzima ikanitazama.

Naomba unielewe, wewe unayesoma. Sijidai mwema. Kisasi changu kilikuwa kimeletwa hadi mlangoni, na kilikuwa rahisi kuliko vyote duniani, kwani nilichotakiwa kufanya ni kumtii tu. Nimlaze chali kama anavyotaka, nimfunge ngozi anayoitaka, nimletee chungu cha haja, nimwambie pole Mama, tulia Mama. Watu wangesema mkamwana gani huyu, ametukanwa na bado anatunza. Na mimi ningengoja mguu wake ung'ae.

Niliwaza hivyo. Niliwaza kwa muda wa kutosha kuitungua ile ngozi kutoka kwenye nguzo na kuishika mkononi. Ilikuwa ngumu kama ubao, na alama ya kisu changu ilikuwa pale pale. Kisha nikaitandika kwenye kigoda cha uani.

"Mama," nikasema, "utakaa juu yake. Hutalala ndani yake. Mathayo, mshike upande ule."

"Mama amesema—" Damari akaanza.

"Nyamaza," Mathayo akamwambia dada yake. Akaja akashika upande ule.

Tulimfunga kitambaa cha kumshikilia tu, siyo cha kumbana, na nikamwacha siku mbili apate nafuu ya maumivu. Asubuhi ya tatu nikasimama mbele ya kitanda.

"Shikamoo Mama. Simama."

"Unataka kuniua."

"Ndiyo, Mama. Simama nikuue vizuri."

Akasimama. Sijui ni kwa sababu gani. Labda ubishi wake ulikuwa sawa na wangu. Alinishika bega kwa kucha, akaniita mchawi, akaniita binti wa watu waliokosa adabu, akawataja baba yangu na babu yangu. Tukazunguka uwanja mara moja. Kila siku tuliongeza. Majirani walisimama kwenye uzio kutazama mke wa Mathayo anavyomtesa mama wa watu. Naomi alitufuata nyuma akiiga sauti ya bibi yake, matusi na yote. Na kila tulipomrudisha, kwanza nilimfunua miguu, nikailinganisha, wa kulia na wa kushoto, nikaipapasa kwa nyuma ya mkono kama ina joto. Hakuniuliza natafuta nini. Alinitazama tu ninavyotafuta.

Jioni moja, mtama umekwisha kuingia ghalani, tulikuwa tumezunguka mara nne naye alikuwa hanitukani tena sana, pumzi yake ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyekuwa nachechemea. Tulipofika kwenye kigoda akasimama, hakukaa. Alikuwa anatazama chini, kwenye kifundo changu, pale palipovimba na kuwa peusi. Alitazama sana. Mikono yake, ile iliyonichua, ilikuwa bado begani kwangu.

"Huo hauponi?" akauliza.

"Hauponi, Mama."

"Kila siku?"

"Kila jioni."

Hakusema samahani. Kama unangoja samahani katika habari hii, utangoja kama nilivyongoja mimi, mpaka tulipomzika. Alikiangalia kigoda na ile ngozi juu yake, kisha akalishika bega langu vizuri zaidi, mkono wa kushikilia, siyo wa kucha.

"Mama Naomi," akasema, "tuzunguke tena."

Tukazunguka.